Kiongozi wa Msafara

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa katika mji huu. Bado sina kazi. Mke wangu anayo, na ndiyo iliyotuleta. Yeye ni mkunga. Hospitali ya hapa ilimwandikia barua tatu kumwomba aje. Mimi hakuna aliyeniandikia hata kikaratasi. Nimekuja kama mkoba wake.

Ameondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kaniachia chai kwenye chupa na maagizo: nunua sabuni, peleka fomu ofisi ya ajira, usiguse mashine ya kufulia. Mashine nimeigusa kidogo tu, nijue kwa nini inatetemeka. Inatetemeka kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Nimeuwekea kadibodi. Sasa imetulia kabisa, ila mlango haufunguki. Nguo ziko ndani, naziona.

Ofisi ya ajira nikakutana na afisa, mama mmoja mwenye kalamu nne mfukoni. Akataka kujua kwetu nilifanya kazi gani. Nikasema msimamizi wa ghala, miaka kumi na moja, saruji na sukari na mbegu. Akaandika. Akauliza lugha ya hapa naijua kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole viwili, vimekaribiana sana. Akaandika na hilo. Akaniambia nisubiri kuitwa. Nikauliza watu husubiri muda gani. Akageuka akatazama dirishani.

Wakati wa kurudi nikamwona mtu kabeba ngazi ndefu kuliko basi. Ngazi ya nini? Nikamfuata. Mitaa sita! Akafika kwenye duka moja la viatu, akaegemeza ngazi, akapanda, akabadilisha herufi moja kwenye kibao cha duka, akashuka, akaenda zake. Herufi moja tu. Nimerudi nyumbani nimefurahi mno, sijui kwa nini. Sabuni nimesahau.

Jumanne, 4 Machi

Darasa la lugha, ukumbi wa nyuma ya maktaba. Tuko tisa. Mmoja ni Mtangulizi. Jina lake analo, lakini mimi humwita hivyo kwa sababu katoka kwetu, anasema lugha yetu, na alifika hapa miezi mitatu kabla yangu. Haachi kunikumbusha. Hata akisalimia anasalimia kama mwenye nyumba.

Leo nimewaeleza wenzangu ugunduzi wangu: pale pa kuvukia barabara kuna kitufe, ukikibonyeza magari yanasimama. Mtangulizi akasema kila mtu anajua, halafu akaongeza kwamba cha mbele ya maktaba ni pambo, hakifanyi kazi. Baada ya darasa nimekwenda kuhakikisha. Nimebonyeza robo saa nzima. Kweli ni pambo. Hasira zilinipanda mpaka masikioni.

Ninakaa kati ya Mama Mwavuli na Fundi Saa. Mama Mwavuli naye anasema lugha yetu. Aliuza vitenge miaka mingi, na mwavuli wake hauachi hata ndani ya nyumba. Fundi Saa ni mtu wa nchi nyingine, mpole, alitengeneza saa maisha yake yote. Tunaelewana kwa maneno arobaini ya darasani na vidole kumi. Wote wawili hawana kazi. Mama Mwavuli kaniambia leo kwamba yuko hapa tangu mwaka jana na anajua njia mbili tu, ya dukani na ya darasani. Nyingine anaziogopa. Akipotea hatajua kuuliza, na akiuliza hatajua alichojibiwa.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Watu wana kiu ya mji. Mimi nina miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umekamilika. Msafara wa Kuujua Mji! Bure kwa sasa, sifa kwanza. Jina likishasambaa, mji wenyewe utanitafuta, na yule mama wa kalamu nne atakuja kupanga foleni kwangu.

Nimemweleza mke wangu alfajiri akiwa anavaa viatu. Akaniuliza mji nimeujua lini. Nikamwambia kiongozi hahitaji kujua kila kitu, anahitaji kutangulia. Akamaliza kufunga kamba, akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini.

Tangazo nimeliandika kwa lugha ya hapa, nikisaidiwa na kamusi ya maktaba. Nikalibandika darasani. Mtangulizi akasimama mbele yake, akalisoma kwa sauti, pole pole, akifurahia kila neno. Kumbe niliyoandika ni haya: "Tembeeni nami, nitawapoteza." Neno la kuongoza na neno la kupoteza yako ukurasa mmoja kwenye kamusi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya meza.

Lakini waliojiandikisha ni wawili! Mama Mwavuli na Fundi Saa. Kisha Mtangulizi naye akachukua kalamu akaandika jina lake. Anakuja kurekebisha makosa, anasema. Nikamvuta pembeni. Nimemwapisha, kwa heshima ya kule tulikotoka, kwamba hatanisahihisha mbele ya wageni wangu. Akaapa, mkono kifuani. Alikubali upesi mno. Sikupenda.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Nimeipita njia yote peke yangu na kuichora nyuma ya bahasha kubwa. Maktaba, soko la mboga, daraja la chuma, bustani yenye sanamu, kisha jengo kubwa la matofali mekundu lenye bomba refu. Jengo hilo limenishika. Madirisha mia, na linatoa harufu tamu, kama utoto wa mtu mwingine. Ni nini?

Nikamuuliza mfagia barabara. Akaegemea ufagio akanieleza kwa kirefu, mkono ukienda huku na huku. Nimeshika maneno mawili: "zamani" na "watu wengi". Basi ni jumba la makumbusho. Ndiyo kilele cha ziara yangu.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe kapiga simu kama kawaida ya Jumapili. Kauliza sasa nafanya kazi gani. Nimesema niko kwenye utafiti. Utafiti wa nini? Wa mji. Akaomba azungumze na binti yake.

Mke wangu alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Wiki hii kapokea watoto kumi na wanne. Kaniambia mmoja wa wazazi alimshika mkono akakataa kuuachia, si kwa uchungu, ila kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumshika katika mji huu. Nikamuuliza na yeye mkono wake anashikwa na nani. Akasema maji yamepoa. Nikaenda kuchemsha mengine.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi tumekutana maktaba. Manyunyu. Mama Mwavuli tayari kabisa. Fundi Saa kavaa tai. Mtangulizi kavaa viatu vizuri kuliko vyangu, makusudi. Sokoni mambo yalikwenda vizuri. Mama Mwavuli alishika kila boga. Darajani tukakuta limefungwa, linapakwa rangi. Bahasha yangu haikuwa na njia nyingine. Nikatangaza kwamba tunapita njia ya mandhari. Mandhari yakawa ua wa nyuma wa karakana ya matairi, lakini Fundi Saa aliyatazama matairi kwa adabu.

Bustanini Mtangulizi akauliza, sauti laini, yule wa sanamu ni nani. Nikasema mwanzilishi wa mji. Akainama akasoma kibao kimoyomoyo, akatabasamu, akanyamaza. Alikuwa ameapa. Baadaye nilirudi nikasoma mwenyewe. Alikuwa daktari wa farasi.

Tukafika jengo jekundu. Mlangoni pamebandikwa karatasi. Neno "leo" nalijua. Neno "wazi" nalijua. Lililokuwa kati yao, refu, sikulijua, nikalidharau. Tukaingia.

Dada wa mapokezi alitupokea kama ndugu waliochelewa harusini. Akatupa makoti meupe, kofia za wavu za kufunika nywele, na fomu kila mtu yake. Nikawaeleza wageni wangu kwamba makumbusho ya huku huvalisha watu ili wasiingize vumbi. Mama Mwavuli akataka kujua fomu ni za nini. Za kumbukumbu, nikasema, waandike kila kitu walichowahi kufanya maishani. Wakaandika. Fundi Saa aliomba karatasi ya pili. Chini kabisa palikuwa na mstari wa "nafasi", na mimi nikajaza kwa herufi kubwa: KIONGOZI WA MSAFARA.

Ndani, mashine kubwa zinazunguka. Nikaanza kueleza. Hivi ndivyo watu wa zamani walivyokanda unga, nikasema, nikinyoosha mkono. Watu wa zamani walikuwa wanakanda wakati huo huo. Waligeuka wakanitazama. Nikasema huku makumbusho huajiri waigizaji. Mtangulizi alikuwa ameuma mdomo, machozi yanamtoka.

Kisha akaja msimamizi, baba mnene mwenye unga kwenye nyusi. Akawaita mmoja mmoja. Kwenye mkanda wa kusafirishia mikate palikuwa na kidude cha kuhesabia kilichokwama. Fundi Saa akatoa bisibisi ndogo mfukoni mwa shati, akainama dakika tatu, kikaanza kuhesabu. Msimamizi akamtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Mama Mwavuli alipewa makasha ya karatasi ayakunje. Akauweka mwavuli chini, mara ya kwanza namwona bila huo, akayakunja kama vitenge, mawili kwa mpigo. Mtangulizi aliingia chumba kidogo akatoka akipeana mkono na kila mtu.

Zamu yangu ikafika. Msimamizi akasoma fomu yangu mara mbili. Akanishukuru sana kwa kumletea watu wazuri. Akasema mawakala hawalipwi hapa, ila nisiondoke mikono mitupu. Akanipa mikate miwili ya moto.

Nilikuwa bado sijaelewa. Tulipofika nje Mama Mwavuli akasimama katikati ya njia. Akaniuliza kama saa kumi na moja alfajiri ndiyo ile ya kwetu au ya huku inahesabiwa tofauti, maana kesho hataki kuchelewa. Kuchelewa wapi, nikauliza. Ndipo akaanza kulia, mwavuli umefungwa, mvua inamnyeshea.

"Ndugu yangu," akasema, "mwaka mzima nimekaa ndani. Leo umenishika mkono ukanipeleka kazini."

Nikajibu kwamba hilo ndilo lilikuwa lengo la msafara tangu mwanzo. Mikate ilikuwa inaniunguza kifua.

Walipotutangulia nikamgeukia Mtangulizi. Lile neno refu la mlangoni alilijua? Alilijua. Lina maana gani? Ajira. Kwa nini basi hakuniambia?

"Uliniapisha," akasema. "Mbele ya wageni nisikusahihishe."

Jumanne, 11 Machi

Darasani viti vitatu vitupu. Mwalimu kanisifu mbele ya watu. Wawili wameniuliza msafara mwingine lini. Ningefurahi siku nyingine.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Nilisimulia vizuri, na nyusi za msimamizi, na daktari wa farasi. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akauliza na mimi je, wamenipa zamu gani. Nikasema mimi wamenishukuru. Akacheka kidogo tena. Kisha akaacha.

"Wenzako walijaza fomu ya kazi," akasema. "Wewe umejaza fomu ya ukubwa."

Nikasema angalau jina langu sasa linajulikana. Hakuinua sauti. Aliketi, akavua kitambulisho cha hospitali shingoni, akakishika mkononi.

"Mimi sikukuita huku uje kuwa mtu mkubwa. Siku nzima nashikwa mikono na watu nisiowajua. Nikirudi nataka kumkuta mtu wangu, nimuulize za leo, aniambie za kweli."

Nimeosha vyombo. Vingine nimevirudia, vilikuwa safi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua kurudi kiwandani kuomba kazi kama watu wengine. Tatizo: msimamizi ananijua kama wakala. Suluhisho: asinijue. Nimenyoa masharubu. Miaka kumi na mitano nilikuwa nayo. Chini yake kumbe nina mdomo wa shangazi yangu. Nimevaa pia koti la mvua la mke wangu, linanibana kwapani.

Nimeingia uani nikitembea kwa mwendo mwingine, mabega juu. Msimamizi alikuwa mlangoni anakunywa kahawa.

"Wakala," akaniita, hata kikombe hakushusha. "Leo umetuletea nani?"

Nikasimama. Nilikuwa na jibu tayari, zuri, lenye jina la kampuni niliyoibuni ndani ya basi. Halikutoka. Nikamwambia leo nimejileta mwenyewe.

Akauliza naweza nini. Nikataja uongozi. Nikataja mipango na ushauri. Aliendelea kunywa kahawa. Maneno yangu arobaini yakaanza kuniishia, na lililobaki mwisho lilikuwa "gunia". Nikasema gunia. Nikaonyesha kwa mikono: kupanga, kuhesabu, kutunza. Miaka kumi na moja.

Akanipeleka ghala la unga. Mungu wangu! Magunia yameegemezwa ukutani kama walevi. Ya chini yamelala moja kwa moja sakafuni, yanakunywa unyevu, na rundo la kona ya kushoto limeinama na wafanyakazi wanapita chini yake na mikokoteni bila wasiwasi. Nikasahau lugha, nikasahau adabu. Nikamvuta yule baba kwa mkono wa koti nikamtoa pale. Nikaita watu wawili, nikaonyesha: shusha yote, weka paleti za mbao chini, acha nafasi ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta, na kila safu ikatize ya chini yake kama matofali. Nikavua koti la mke wangu. Tulifanya kazi hadi saa sita. Lilipobaki gunia la mwisho nilikuwa mweupe mwili mzima na sijamwambia mtu yeyote uongo tangu asubuhi.

Msimamizi alikuwa amekunja mikono muda wote. Alijaribu kulisukuma rundo kwa bega. Halikusogea. Akasema atapiga simu. Sikuuliza lini.

Ijumaa, 14 Machi

Kapiga! Majaribio ya mwezi mmoja, ghalani, kuanzia Jumatatu. Nilimwomba arudie mara tatu, mara ya tatu ilikuwa kwa raha tu.

Sikumpigia mke wangu. Nilimsubiri. Alipoingia nikamwambia pale pale mlangoni, kwa maneno machache: nimepata kazi ya kupanga magunia. Akaketi sakafuni kwenye ukumbi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikaketi naye. Akaniuliza za leo. Nikamwambia za kweli, zote, na habari ya kampuni ya kubuni ambayo haikutoka mdomoni. Alinitazama sana, kisha akagusa mdomo wangu wa juu kwa kidole. Akaomba masharubu yarudi haraka iwezekanavyo.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza. Kila mgeni hutembezwa kiwanda na mtu aliyemtangulia. Nani kapewa kunitembeza? Yeye. Ana siku sita kazini na tayari ana funguo mbili kiunoni. Huku ni choo, akasema Mtangulizi, akinyoosha mkono. Huku ni bomba la maji. Pale ni tanuri, usiguse, ni moto. Nikamshukuru kwa kunifahamisha kwamba tanuri ni moto.

Mama Mwavuli kanipungia mkono kutoka kwenye makasha. Anajua njia tano sasa, kazihesabu. Fundi Saa ana meza yake mwenyewe na taa ndogo.

Ghala langu limetulia. Nimehesabu, nimeandika, nimefagia. Saa tisa nilikuwa na furaha ya mtu wa kawaida. Nimemwambia mke wangu hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akasema ni sentensi nzuri kuliko zote nilizosema tangu tufike.

Jumanne, 18 Machi

Ghalani kuna foklifti, lile gari dogo la kunyanyulia mizigo, la rangi ya machungwa. Chombo cha ajabu! Linageuka kwa magurudumu ya nyuma, kama mtu anayetafuta kiti ajikalie. Mtangulizi haliendeshi. Aliomba, wakamkatalia, hana uzoefu. Kaniambia mwenyewe, kwa huzuni.

Dereva wake anaanza likizo kesho. Msimamizi akapita ghalani akiuliza kama kuna aliyewahi kuendesha. Nikainua mkono. Nikasema kwetu nilikuwa nayo matatu kama hilo, nikizunguka nayo usiku na mchana. Alifurahi, masikini, hadi unga ukamdondoka kwenye nyusi. Kesho saa moja asubuhi nakabidhiwa ufunguo.

Gari sijawahi kuendesha la aina yoyote. Lakini nimelitazama leo dakika ishirini, tena kwa makini. Lina mishikio minne tu. Mitatu nimeshaelewa kazi yake. Wa nne ni mwekundu, na dereva haugusi kabisa, sijui kwa nini. Nitaanza na huo.